Alipata nafuu ya mafua, kisha homa ikarudi: nimonia hii imetoka wapi?

*"Mume wangu ana miaka 47, havuti sigara, ila ana kisukari anachokidhibiti kwa vidonge. Siku kumi zilizopita alishikwa ghafla na homa, kichwa na maumivu ya viungo. Alipimwa, wakathibitisha ni homa ya mafua, wakampa parasetamoli na kusema hahitaji antibayotiki. Siku ya tano aliamka mzima, akala, akaoga maji baridi, akasema kesho yake anarudi kazini. Siku ya saba jioni alianza kutetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Homa ilifika nyuzi 39.6, ubavu wa kulia ukawa unamchoma kila akivuta pumzi, na makohozi yakatoka na rangi ya kutu. Eksirei ilionyesha nimonia chini ya pafu la kulia. Leo ni siku ya tatu ya vidonge vya amoksilini na klavulaneti, alivyoandikiwa kwa siku saba. Homa imeshuka lakini anakohoa kuliko mwanzo. Je, daktari wa kwanza alikosea kumnyima antibayotiki? Je, ni yale maji baridi? Nina watoto wawili, wa miaka sita na mitatu: nina vidonge vya antibayotiki vilivyobaki tangu mwaka jana, niwape kama kinga? Na je, ni lazima apigwe eksirei nyingine?"*

Pole sana, dada, kwa siku hizi kumi, na mfikishie shemeji salamu zangu za kumtakia nafuu. Umeuliza maswali manne, lakini naona nyuma yake lipo la tano ambalo hukuliandika: kwamba kuna mtu alizembea, na huenda mtu huyo ni wewe uliyemwacha aoge. Nitafika huko, ila ninaomba kwanza nieleze kilichotokea ndani ya kifua chake, kwa sababu maelezo hayo ndiyo yanayojibu karibu kila ulichouliza.

Mumeo hakuugua ugonjwa mmoja ulioondoka ukarudi. Ameugua magonjwa mawili yaliyopokezana: wa kwanza ulitokana na virusi vya homa ya mafua, na wa pili unatokana na bakteria walioingia wakati virusi vikiwa vimeshaanza kushindwa. Ule mpangilio ulioueleza, wa mgonjwa kupata nafuu ya wazi kwa siku moja au mbili kisha kuangushwa na homa mpya, kutetemeka na kichomi ubavuni, ni alama ambayo sisi tunaotibu magonjwa ya kifua tunaitafuta kwa makusudi tunapomhoji mgonjwa. Virusi vyenyewe pia vinaweza kusababisha nimonia, lakini hiyo kwa kawaida haimpi mgonjwa mapumziko. Humshika mapema, mara nyingi ndani ya siku chache za mwanzo, na pumzi huzidi kubana siku hadi siku bila nafuu ya katikati. Nakiri kwamba si kila mgonjwa husoma kitabu kabla ya kuugua, na wapo ambao virusi na bakteria huwavamia kwa pamoja tangu mwanzo, lakini habari ya mumeo ni ya wazi kiasi kwamba ingeweza kufundishiwa darasani.

Njia ya hewa, kuanzia kooni hadi matawi yanayoingia mapafuni, imetandikwa seli zenye vinyweleo vidogo mno ambavyo hupiga kwa mdundo mmoja kama makasia ya mashua, usiku na mchana, vikisukuma ute kuelekea juu. Vumbi, moshi na vijidudu tunavyovuta hunasa kwenye ute huo, hupandishwa nao hadi kooni, nasi tukaumeza bila kujua. Virusi vya homa ya mafua huzaliana ndani ya seli hizohizo, na vinapotoka huziacha zimekufa. Matokeo yake ni kwamba sehemu za ukuta wa njia ya hewa hubaki zimechunika, ute hulala mahali pake, na kile ambacho jana kingepandishwa juu leo kinateremka chini. Seli mpya huanza kuota baada ya siku chache, lakini ukuta mzima, pamoja na vinyweleo vinavyopiga sawasawa, huweza kuchukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Kwa hiyo siku ile ya tano, alipokula na kuoga na kupanga safari ya kazini, mumeo alikuwa ameondokewa na homa lakini mapafu yake yalikuwa bado hayajaezekwa upya.

Kuna uharibifu mwingine usioonekana hata kwa eksirei. Virusi hivi vina kimeng'enya kinachokata sukari fulani zilizo juu ya seli ili virusi vipya viweze kujinasua na kwenda kushambulia seli nyingine. Sukari hizo zikikatwa, mahali palipokuwa pamefunikwa huachwa wazi, na bakteria hupata pa kushikilia. Majaribio ya wanyama yameonyesha pia kwamba bakteria wengine huzila sukari hizo zilizokatwa. Wakati huohuo kinga ya mwili, iliyokuwa imeelekeza nguvu zake kwenye virusi, hutoa kemikali kama interferoni ambazo ni silaha nzuri dhidi ya virusi lakini hupunguza makali ya seli walinzi wa mapafuni zinazomeza bakteria, na baadhi ya seli hizo walinzi hufa kabisa. Ongeza majimaji yanayovuja kwenye vifuko vya hewa kutokana na uvimbe, ambayo kwa bakteria ni kama uji uliokwisha kupoa, na utaelewa kwa nini wiki moja hivi baada ya mafua kuanza ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Katika majaribio ya panya, udhaifu huu hufikia kilele karibu na siku ya saba. Mumeo alianza kutetemeka siku ya saba jioni.

Na bakteria hao walitoka wapi? Hapa wengi hushangaa, kwa sababu hutarajia niwaambie kwamba kuna mtu alikohoa karibu na mgonjwa. Kwa kawaida walikuwa tayari puani na kooni mwake. Numokokasi, ambaye ndiye msababishi wa kawaida kuliko wote wa nimonia hii, huishi kwa amani katika pua za watu wengi wenye afya, hasa watoto wadogo. Stafilokokasi hupatikana katika pua za takriban watu watatu kati ya kumi. Kwa miaka wanakaa hapo kama wapangaji watulivu, mpaka siku ngazi ya kushukia mapafuni inapoachwa bila mlinzi. Rangi ya kutu katika makohozi ya mumeo na kuanza kwa ghafla kwa mtetemo mmoja mkubwa vinanifanya nimfikirie zaidi numokokasi, ingawa hakuna daktari anayeweza kuapa juu ya aina ya bakteria kwa kutazama makohozi tu. Na kwa kuwa wengi huamini kwamba makohozi ya kijani ni uthibitisho wa bakteria, niseme hapa kwamba sivyo: rangi ya kijani hutokana na kimeng'enya kilicho ndani ya chembe nyeupe za damu, na chembe hizo hujitokeza hata katika mafua ya virusi pekee.

Bakteria wa tatu katika kundi hili anaitwa Hemofilus influenza, na jina lake lina kisa. Mwaka 1892 mtaalamu wa Ujerumani, Richard Pfeiffer, alimkuta katika makohozi ya wagonjwa wa homa ya mafua na kutangaza kwamba huyo ndiye chanzo cha ugonjwa. Ilichukua zaidi ya miaka 40, hadi 1933, virusi vyenyewe vilipotengwa kutoka kwa binadamu nchini Uingereza, ndipo kosa likathibitika. Lakini jina lilikuwa limeshamganda bakteria wa watu. Pfeiffer alikuwa amemwona mgeni wa pili aliyeingia baada ya mlango kuvunjwa, akadhani ndiye aliyeuvunja.

Kosa hilo linaeleza pia ukubwa wa jambo lenyewe. Janga la homa ya mafua la mwaka 1918 linakadiriwa kuua watu wasiopungua milioni 50 duniani. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichunguza upya tishu za mapafu za watu 58 waliokufa katika janga hilo, zilizokuwa zimehifadhiwa tangu wakati huo, wakakuta dalili za nimonia ya bakteria karibu kwa wote. Penisilini iligunduliwa miaka kumi baada ya janga, mwaka 1928, na ikaanza kufika kwa wagonjwa katika miaka ya 1940. Hata hivyo tusidhani kwamba dawa zimemaliza habari: katika janga la 2009, kati ya watu 77 waliofariki Marekani na tishu zao za mapafu zikapimwa, 22 walikuwa na maambukizi ya bakteria juu ya yale ya virusi.

Sasa turudi kwa daktari wa kwanza. Ulichonieleza kinaonyesha kwamba alifanya kazi yake vizuri: alipima badala ya kukisia, akapata virusi, na antibayotiki haina lolote la kufanya dhidi ya virusi. Utaniambia kwamba angempa basi kama kinga dhidi ya bakteria watakaokuja, na nakubali kwamba wazo hilo lina mvuto. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi sana wa homa ya mafua hupona bila nimonia, kwa hiyo ungewapa dawa watu wengi ambao hawataihitaji, ukawaletea kuharisha na vipele, na bakteria ambao wangesalia puani baada ya dozi hiyo ni wale waliozoea dawa. Nimonia ikija baada ya hapo, huja ikiwa imeshaijua silaha utakayoishika. Ninaowaona wodini wakiwa wametangulia kumeza antibayotiki siku ya kwanza ya mafua ndio ambao mara nyingi hunilazimu kuanza na dawa nzito zaidi.

Iwapo kuna swali unaloweza kumuuliza daktari yule kwa upole, ni hili: je, kwa kuwa mumeo ana kisukari, dawa ya kupambana na virusi vyenyewe, kama vile oseltamiviri, ilifikiriwa? Dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili kujitokeza, na madaktari wengi huipendekeza kwa watu wenye kisukari, wajawazito, wazee na wenye maradhi sugu ya moyo au mapafu. Lakini sitakudanganya kwamba ingemwokoa kwa hakika. Hufupisha ugonjwa kwa takriban siku moja, na kiasi inachopunguza uwezekano wa kulazwa bado kinabishaniwa na watafiti. Kutoitumia hakukuwa uzembe wa kumpeleka mtu mahakamani.

Maji baridi hayahusiki. Hayaoteshi bakteria mapafuni, wala hayarudishi virusi. Watu huyalaumu kwa sababu mgonjwa huoga siku anayojisikia nafuu, na nimonia hii, kama tulivyoona, huja baada ya nafuu. Vitu viwili vikifuatana hivyo mara kwa mara, ni rahisi kudhani kimoja kimezaa kingine. Kwa sababu hiyohiyo hulaumiwa dirisha lililoachwa wazi, feni na safari ya kwanza ya kwenda nje. Ungemfunika blanketi tatu na kumpashia maji ya kuoga kila siku, kilichotokea siku ya saba kingetokea vilevile.

Kinachohusika zaidi ni kisukari. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu huwa nzito kufika penye mapambano na hafifu katika kuua bakteria. Na maambukizi nayo huipandisha sukari, kwa hiyo mambo haya mawili hulishana. Mpimie mara nyingi zaidi kuliko kawaida wakati huu, na ikibaki juu ya milimoli 15 kwa lita, ambayo ni sawa na miligramu 270 kwa desilita, katika vipimo viwili vinavyofuatana, wasiliana na daktari siku hiyohiyo. Asiache vidonge vyake vya kisukari kwa uamuzi wake mwenyewe eti kwa kuwa anakula kidogo. Lakini akianza kutapika au kuharisha kiasi cha kushindwa kunywa maji, uliza mara moja, kwa sababu baadhi ya vidonge hivyo husimamishwa kwa muda mwili unapokaukiwa.

Kuhusu matibabu aliyo nayo sasa, naona yana mantiki. Amoksilini peke yake humwua numokokasi vizuri katika maeneo mengi, lakini stafilokokasi na baadhi ya Hemofilus hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja kabla haijafanya kazi, na klavulaneti ipo hapo kukizuia kimeng'enya hicho. Ndiyo maana nimonia inayofuata homa ya mafua mara nyingi hupewa mchanganyiko huo. Wapo stafilokokasi sugu ambao hata mchanganyiko huo hauwawezi, na hao hutibiwa hospitalini kwa dawa za mshipani. Kwa bahati nzuri, homa iliyoshuka ndani ya siku mbili ni ushahidi mzuri kwamba mumeo hana hao. Nimonia isiyo na matatizo mara nyingi hutosheka na siku tano za dawa, lakini yeye ameandikiwa saba na ana kisukari, basi amalize saba. Dawa za kutuliza kikohozi kwa nguvu sizipendi katika hatua hii, kwa sababu zinanyamazisha kazi inayohitajika.

Na hapo nimefikia kikohozi chake. Kukohoa zaidi siku ya tatu huku homa ikishuka si dalili mbaya. Vifuko vya hewa vilivyokuwa vimejaa usaha mzito vimeanza kufunguka, na mzigo huo lazima utoke. Ukimwekea sikio mgongoni chini ya bega la kulia huku akivuta pumzi ndefu, pengine utasikia mlio mwembamba unaofanana na ule wa kusugua nywele kwa vidole viwili karibu na sikio. Ni vifuko vinavyoachana hewa inapopenya, na husikika kwa siku nyingi hata kwa mtu anayepona. Tazama mambo mengine badala ya idadi ya kikohozi: je, anakula kuliko juzi, anaweza kwenda msalani bila kutweta, kichomi kimepungua? Kichomi hutokana na kuvimba kwa utando unaofunika pafu, nao husuguana na ubavu kila anapovuta hewa. Parasetamoli kwa saa zake itamsaidia kupumua kwa kina, na kupumua kwa kina ni sehemu ya tiba.

Daktari aliyemruhusu kurudi nyumbani bila shaka aliangalia vitu tunavyovipima kuamua nani alazwe: kama mgonjwa amechanganyikiwa, kiwango cha urea katika damu, kasi ya kupumua, shinikizo la damu, na kama umri umefika miaka 65. Viwili kati ya hivyo unaweza kuvifuatilia mwenyewe. Mhesabie pumzi akiwa ametulia, kwa dakika nzima na si kwa sekunde kumi na tano ukazidisha, na usimwambie unachofanya, kwa maana mtu akijua anahesabiwa hubadilisha mwendo. Mshike kiganja kama unayepima mapigo huku macho yako yako kifuani. Pumzi 30 au zaidi kwa dakika ni sababu ya kwenda hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane za usiku. Vivyo hivyo akishindwa kumaliza sentensi bila kukatika pumzi, akianza kuweweseka au kusinzia kusiko kwa kawaida, midomo ikigeuka rangi ya samawati, akikohoa damu mbichi, akikosa mkojo kwa nusu siku, au akipata maumivu ya kubana katikati ya kifua, kwa kuwa homa ya mafua na nimonia huongeza hatari ya mshtuko wa moyo katika siku zinazofuata, na mwenye kisukari huwa hatarini zaidi. Kama mna kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, kikionyesha chini ya asilimia 92 msingoje. Ila kumbuka kwamba kidole chenye baridi au kilichopakwa rangi hukidanganya, na kwa mtu mwenye ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha kiwango kilicho juu kuliko ukweli, kwa hiyo mgonjwa anayetweta aaminiwe kuliko namba.

Ipo hali nyingine isiyo ya dharura ya dakika lakini inayohitaji daktari ndani ya saa 24, nayo ni homa kurudi akiwa bado kwenye dawa. Hapo tunafikiria usaha uliojikusanya kati ya pafu na ubavu, ambao vidonge haviufikii na lazima utolewe kwa mrija, au jipu ndani ya pafu, au bakteria asiyesikia dawa hii. Kama mnaishi penye malaria, kipimo chake kisirukwe. Na kikohozi kikidumu zaidi ya wiki mbili baada ya matibabu, hasa kikiambatana na kupungua uzito au jasho la usiku, aombe makohozi yake yapimwe kifua kikuu, kwa sababu kisukari huongeza hatari ya ugonjwa huo mara mbili hadi tatu na kifua kikuu ni hodari wa kujifanya nimonia.

Watoto sasa. Nimonia yenyewe haihami kutoka pafu la baba hadi la mtoto kama mafua yanavyohama. Kinachoambukiza kwa urahisi ni virusi, na mtu mzima huvitoa kuanzia siku moja kabla ya dalili hadi siku tano au saba baada yake; dalili kwa aliyeambukizwa hujitokeza kati ya siku ya kwanza na ya nne. Leo ni siku ya kumi. Kama watoto bado wazima, hatari ya kupata mafua kutoka kwake inakaribia kwisha. Wanawe mikono, naye akohoe kwenye kiwiko au kitambaa, inatosha.

Vidonge vilivyobaki usiwape. Mtoto mzima hana bakteria wa kuuawa mapafuni, dozi ya mtu mzima si ya mtoto, vidonge vya mwaka jana huenda vimeshapita muda wake, na ninavyokisia vilibaki kwa sababu mtu hakumaliza dozi yake wakati ule. Vipeleke kwenye duka la dawa wavitupe inavyopasa. Mmoja wa watoto akishikwa na homa, mpe parasetamoli kulingana na uzito wake, wala usimpe aspirini, kwa kuwa aspirini kwa mtoto mwenye homa ya mafua inaweza kuleta ugonjwa wa nadra lakini mbaya wa ini na ubongo. Kwa yule wa miaka mitatu hesabu pumzi vilevile: 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani kila anapovuta hewa, ni ya kupelekwa hospitali. Kwa wote wawili, kushindwa kunywa na kulegea ni dalili nzito. Na kwa mtoto pia, nafuu iliyofuatwa na homa mpya isichukuliwe kuwa ni mafua yaleyale yanayomalizikia.

Mumeo akishapona, azungumze na daktari wake kuhusu chanjo mbili. Ya homa ya mafua hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na kwamba ameugua msimu huu hakumkingi na aina nyingine zinazozunguka. Ya numokokasi hailindi dhidi ya aina zake zote, ambazo zimezidi 100, lakini inalinda dhidi ya zile zinazoongoza kwa kuua. Kisukari pekee kinatosha kumstahilisha zote mbili.

Swali lako la mwisho, la eksirei, linategemea atakavyokuwa baada ya wiki sita. Picha hubaki na kivuli muda mrefu baada ya mgonjwa kupona, hivyo kuirudia wiki ijayo kutawatia hofu bure. Sisi huirudia baada ya wiki sita hivi kwa wavutaji sigara, kwa waliovuka miaka 50 na kwa wale ambao dalili zimegoma kuondoka, tukitafuta kama kuna uvimbe uliojificha nyuma ya nimonia. Mumeo ana miaka 47 na havuti, kwa hiyo akiwa mzima wakati huo sioni ulazima, ingawa daktari wake akiamua kuipiga sitambishia. Tarajieni homa iishe ndani ya wiki moja, kichomi na makohozi yapungue sana kufikia wiki ya nne, kikohozi na kutweta kufikia ya sita, na uchovu uendelee kumfuata hata miezi mitatu. Akirudi kazini, aanze na nusu siku kama mwajiri ataruhusu, na safari hii asihesabu nafuu ya asubuhi moja.